Wastani Ni Siku 10: Namba Moja Imeacha Nini Nje?

Anayeendesha biashara hana muda wa kusoma oda 5,000 moja baada ya nyingine. Anachotaka ni namba chache za kumwambia mambo yanakwendaje, ili aamue: aongeze bidhaa au apunguze, abaki na msambazaji huyu au atafute mwingine, aajiri au asubiri kwanza. Kazi ya kuzigeuza rekodi nyingi kuwa namba chache zinazosomeka ndiyo inayoitwa takwimu elezi. Wastani, asilimia, jedwali la mauzo ya mwezi, grafu iliyobandikwa ukutani, vyote vimo humo. Takwimu elezi hazitabiri kesho wala hazithibitishi kwa nini jambo limetokea. Zinaeleza kilichomo ndani ya data uliyonayo, basi.

Hesabu zake ni nyepesi, na programu yoyote ya lahajedwali huzimaliza kwa sekunde. Ugumu uko kwingine. Kila namba ya muhtasari hupatikana kwa kuacha kitu nje, na mara nyingi kilichoachwa ndicho ulichokihitaji ili uamue vizuri. Kwa hiyo, kabla ya kuiamini namba yoyote ya ripoti, jiulize: imeacha nini, na je, uamuzi ulio mbele yangu unakihitaji hicho?

Tuchukue mfano mdogo tuuchambue mpaka mwisho. Kampuni ina wasambazaji wawili wa bidhaa ileile. Kila mmoja ameleta oda 10, na karani ameandika kila oda ilichukua siku ngapi kufika. Wa kwanza: 9, 10, 10, 10, 11, 10, 9, 11, 10, 10. Wa pili: 5, 7, 4, 31, 6, 8, 5, 21, 6, 7. Jumlisha kila safu utapata 100. Gawanya kwa 10, wastani ni siku 10 kwa wote wawili. Ripoti itakayoishia hapo itasema wasambazaji hawa wako sawa, na anayeisoma atachagua kwa kuangalia bei tu.

Sasa rudi kwenye namba zenyewe. Kwa msambazaji wa pili hakuna oda hata moja iliyofika siku ya 10. Hakuna iliyofika siku ya 9 wala ya 11. Nane zilifika ndani ya siku 8, na mbili zilichelewa mno. Wastani wa siku 10 umetaja siku ambayo kwake haijawahi kutokea.

Zipange namba zake kuanzia ndogo hadi kubwa: 4, 5, 5, 6, 6, 7, 7, 8, 21, 31. Namba inayokaa katikati baada ya kupanga ndiyo mediani. Hapa ziko 10, kwa hiyo tunachukua ya tano na ya sita, yaani 6 na 7, tunapata 6.5. Kwa msambazaji wa kwanza mediani ni 10, sawasawa na wastani wake. Tayari tuna habari mbili ambazo ripoti ya kwanza haikuwa nazo: oda ya kawaida ya msambazaji wa pili hufika mapema kuliko ya mwenzake kwa zaidi ya siku tatu, na pengo lililopo kati ya wastani wake na mediani yake linaonyesha kuna kitu kizito upande mmoja kinachouvuta wastani.

Wastani huguswa na kila namba kulingana na ukubwa wake. Ile 31 ingekuwa 61, wastani ungepanda hadi 13, ilhali mediani isingesogea hata kidogo. Ndiyo maana data nyingi za biashara, kama thamani ya oda, siku za kulipwa deni, mishahara au muda wa kumhudumia mteja, zina wastani ulio juu ya mediani. Namba hizo haziwezi kushuka chini ya sifuri, lakini upande wa juu hazina ukomo, na oda chache kubwa au wadeni wachache sugu hutengeneza mkia mrefu.

Wengine wakishajua haya huanza kuudharau wastani, nao hukosea kwa upande wa pili. Wastani una kazi ambayo mediani haiwezi kuifanya: ukiuzidisha kwa idadi unarudishiwa jumla. Anayepanga bajeti ya usafirishaji wa oda 400 anahitaji wastani wa gharama, kwa sababu zile oda chache za gharama kubwa nazo zitalipiwa, zitake zisitake. Mediani ingemfanya atenge fedha pungufu. Kwa upande mwingine, anayetaka kumwambia mteja mmoja asubiri kwa muda gani anahitaji mediani, na afadhali aongeze habari ya mkia: “Oda 8 kati ya 10 hufika ndani ya siku 8.” Fedha zote kwa jumla ni mambo ya wastani, mteja aliyesimama mbele yako ni mambo ya mediani.

Na zile oda mbili, ya siku 21 na ya siku 31? John Tukey, mwanatakwimu wa Marekani, alitoa kanuni nyepesi ya kuzitambua namba zilizojitenga. Gawa data iliyopangwa katika nusu mbili. Mediani ya nusu ya chini hapa ni 5, ya nusu ya juu ni 8. Tofauti yake ni 3. Zidisha kwa 1.5 upate 4.5, kisha ijumlishe kwenye 8. Chochote kinachozidi 12.5 kimejitenga na wenzake. Oda zetu mbili zimeshikwa.

Kushikwa si kuhukumiwa. Kanuni hii inakwambia wapi pa kwenda kuuliza, haikupi ruhusa ya kufuta. Huenda karani aliandika 31 badala ya 13. Hilo ni kosa la kurekebisha. Huenda oda hizo mbili zilikuwa za bidhaa maalumu inayotengenezwa baada ya kuagizwa. Basi hazikupaswa kuwa kwenye orodha moja na zile nane. Au huenda ni ucheleweshaji halisi, na kwa hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote kwenye jedwali zima. Nimeona ripoti ambamo namba za namna hii zimeondolewa kimyakimya ili grafu ipendeze. Ni kumnyima msomaji kile kile alichokuwa akilipia.

Uamuzi wenyewe utategemea unauza nini na unaweka akiba kiasi gani. Kwa bidhaa ambayo ikiisha kazi inasimama, ningemchagua wa kwanza bila kusita, kwani siku 11 ndizo mbaya kuliko zote alizowahi kuchukua. Kwa bidhaa ambayo ghalani ipo ya miezi miwili, wa pili anaweza kufaa zaidi, na kuchelewa kwake mara mojamoja hakutaonekana na mteja yeyote.

Umbali kutoka kwenye wastani

Kinachowatofautisha wasambazaji hawa ni mtawanyiko, na kipimo chake kinachotumika zaidi ni mkengeuko sanifu. Jina linatisha kuliko hesabu yenyewe. Chukua kila namba, toa wastani, kipeo cha pili cha kila tofauti kijumlishwe, jumla igawanywe kwa idadi ya namba ukipunguza moja, kisha utafute kipeuo cha pili. Kwa msambazaji wa kwanza, namba nne tu ndizo zilizotofautiana na 10, kila moja kwa siku moja. Jumla ya vipeo ni 4, ukigawanya kwa 9 na kutafuta kipeuo unapata kama siku 0.67. Kwa wa pili jumla ya vipeo ni 702, na mkengeuko ni kama siku 8.8. Wastani ni uleule, mtawanyiko ni zaidi ya mara kumi.

Hapa kuna mtego ambao hata waliosoma takwimu chuoni huingia. Wamefundishwa kwamba takriban asilimia 68 ya data huwa ndani ya mkengeuko mmoja kutoka kwenye wastani, na asilimia 95 ndani ya miwili. Ni kweli kwa data yenye umbo la kengele, iliyojaa katikati na kupungua sawasawa pande zote. Data yenye mkia mrefu haina umbo hilo. Jaribu kwa msambazaji wa pili: 10 ukitoa mikengeuko miwili, yaani 17.6, unapata siku 7.6 chini ya sifuri. Mzigo ungefika wiki nzima kabla hujauagiza! Matokeo yasiyowezekana ya namna hiyo ni dalili ya haraka kwamba kanuni ya kengele haikuhusu. Mrusi Pafnuty Chebyshev alithibitisha mwaka 1867 kanuni inayofaa kwa umbo lolote, nayo ahadi yake ni ndogo kuliko ile ya kengele: angalau asilimia 75 ya data imo ndani ya mikengeuko miwili.

Mkengeuko sanifu pia hausomeki ukiwa peke yake. Bidhaa inayouzwa vipande 1,000 kwa wiki kwa mkengeuko wa 50 ni tulivu kuliko inayouzwa vipande 20 kwa mkengeuko wa 10, ingawa 50 ni kubwa kuliko 10. Gawanya mkengeuko kwa wastani: ya kwanza inayumba kwa asilimia 5, ya pili kwa asilimia 50. Anayepanga akiba ya ghala anapaswa kuihangaikia ya pili.

Makundi yaliyochanganywa

Kosa ambalo, kwa maoni yangu, hugharimu biashara kuliko yote haya ni kufupisha kwa pamoja vitu visivyofanana. Tuseme kampuni inauza kwa njia mbili: dukani na kwa simu. Robo ya mwaka iliyopita kulikuwa na oda 300 za dukani zenye wastani wa bidhaa 10 kila moja, na oda 100 za simu zenye wastani wa bidhaa 4. Jumla ni bidhaa 3,400 kwa oda 400, yaani 8.5 kwa oda. Robo hii dukani zimekuja oda 300 zenye wastani wa bidhaa 11, na kwa simu oda 400 zenye wastani wa 5. Jumla ni bidhaa 5,300 kwa oda 700, yaani kama 7.6 kwa oda.

Mkurugenzi anayeangalia mstari mmoja tu anaona wastani wa oda umeshuka kutoka 8.5 hadi 7.6, na anaweza kuitisha kikao cha dharura. Ukweli ni kwamba wa dukani wamenunua zaidi, wa simu wamenunua zaidi, na bidhaa zilizouzwa zimeongezeka kwa zaidi ya nusu. Kilichobadilika ni mchanganyiko: oda za simu, ambazo kwa asili ni ndogo, zimekuwa nyingi kuliko za dukani. Edward Simpson aliueleza mgongano wa namna hii katika makala ya mwaka 1951, na leo unabeba jina lake. Dawa yake ni kuvunja namba kuu katika makundi yake kabla ya kuitolea maneno.

Kosa la karibu na hilo ni kutafuta wastani wa wastani. Tawi moja lina wateja 20 na lingine 2,000. Ukichukua alama za kuridhika za kila tawi ukazijumlisha na kugawanya kwa mbili, wateja 20 wamepewa sauti sawa na wateja 2,000. Kila wastani lazima upewe uzito wa idadi iliyouzaa.

Vivyo hivyo kwa “mteja wa wastani” ambaye idara za masoko humpenda sana. Mwaka 1950 Jeshi la Anga la Marekani lilipima miili ya marubani zaidi ya 4,000. Luteni Gilbert Daniels akachagua vipimo 10, akauliza ni rubani gani anayekaribia wastani katika vyote kumi. Kati ya marubani 4,063 hakupatikana hata mmoja. Chumba cha rubani kilichotengenezwa kwa mtu wa wastani kilikuwa hakimfai yeyote, na jeshi likaanza kudai viti na vifaa vinavyoweza kurekebishwa. Mteja wa umri wa wastani, kipato cha wastani, anayenunua mara za wastani kwa mwezi, huenda naye hayupo kwenye orodha yako. Ukikuta wateja wako wamejikusanya katika mafungu mawili, wanaonunua kidogo kila wiki na wanaonunua kwa wingi mara moja kwa mwaka, wape muhtasari wao kila fungu.

Asilimia, sifuri na nafasi tupu

Asilimia bila msingi wake haina maana. Mauzo yaliyopanda kwa asilimia 100 yanaweza kuwa yametoka 2 kwenda 4. Bidhaa zinazorudishwa zikitoka asilimia 4 hadi asilimia 6, zimeongezeka kwa pointi 2 za asilimia, au kwa asilimia 50. Yote mawili ni kweli, na mwandishi wa ripoti huchagua linalomfaa. Mwandishi mwaminifu huandika yote mawili.

Viwango vya ukuaji navyo havijumlishwi. Mauzo yaliyokuwa 100 yakipanda kwa asilimia 50 yanafika 150. Mwaka unaofuata yakishuka kwa asilimia 50 yanabaki 75. Wastani wa +50 na −50 ni sifuri, lakini robo ya mauzo imepotea. Kwa ukuaji unazidisha, kisha unatafuta kipeuo: 1.5 mara 0.5 ni 0.75, kipeuo chake cha pili ni kama 0.866, yaani kila mwaka mauzo yalishuka kwa wastani wa asilimia 13.4.

Kabla ya yote hayo kuna jambo dogo la uandikaji data ambalo huharibu ripoti nzima bila mtu kugundua. Katika Excel, kanuni ya wastani huiruka seli tupu lakini huihesabu sifuri. Duka lililouza 20, 24, 22, 26 na 28 kwa siku tano, kisha likafungwa siku mbili, lina wastani wa 24 ikiwa siku hizo zimeachwa wazi, na kama 17.1 ikiwa karani ameandika 0. Hakuna jibu moja sahihi. Ukitaka kujua duka huuza kiasi gani likiwa wazi, ni 24. Ukitaka kujua wiki inaingiza nini kwa siku za kulipia pango, ni 17.1. Kibaya ni matawi mawili kuandika kwa mtindo tofauti, halafu yakalinganishwa.

Ichore kwanza

William Playfair alichapisha mwaka 1786 kitabu cha michoro ya biashara ya Uingereza na nchi nyingine, akitumia grafu za mistari na za nguzo ili msomaji aone kwa jicho kile ambacho majedwali yalikuwa yanakificha. Karibu karne mbili baadaye, mwaka 1973, Francis Anscombe alitengeneza seti nne za data, kila moja ikiwa na pointi 11 za namba mbilimbili. Zote zina wastani sawa wa upande mmoja, 9, na wa upande mwingine, 7.5. Mtawanyiko unalingana, na kipimo cha uhusiano kati ya pande mbili ni 0.816 katika zote. Mtu wa jedwali angeapa ni data moja iliyonakiliwa mara nne. Zichore: ya kwanza ni wingu la kawaida linalopanda, ya pili ni mkunjo, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye pointi moja iliyoruka juu, na ya nne ni safu wima ambayo pointi moja tu ya mbali ndiyo inayoipa uhusiano wote. Kwa hiyo histogramu ya thamani za oda, yaani mchoro wa nguzo unaoonyesha ni oda ngapi ziko katika kila kiwango, ije kabla ya wastani wake, na mauzo dhidi ya matumizi ya matangazo yachorwe pointi kwa pointi kabla ya yeyote kutamka kwamba vinahusiana. Hata vikihusiana, takwimu elezi hazikwambii kipi kimesababisha kipi. Biashara nyingi huongeza matangazo msimu ambao wateja wangekuja hata hivyo.

Kuna mchoro mmoja ningependa kila meneja awe nao mezani. Mei 1924 Walter Shewhart, mhandisi wa Western Electric huko Marekani, aliandika maelezo ya ukurasa mmoja yenye mchoro wa namna ya kutenganisha kuyumba kwa kawaida na kuyumba kunakotokana na sababu maalumu. Unaweza kuufanya kwa kalamu. Tuseme bidhaa zilizorudishwa kila wiki kwa wiki 12 ni 14, 11, 13, 16, 12, 15, 10, 13, 14, 12, 15 na 11. Wastani ni 13. Sasa chukua tofauti kati ya kila wiki na inayoifuata, bila kujali imepanda au imeshuka: 3, 2, 3, 4, 3, 5, 3, 1, 2, 3, 4. Wastani wa tofauti hizo ni 3. Uzidishe kwa 2.66, namba iliyokwisha kukokotolewa na wanatakwimu kwa kazi hii, unapata karibu 8. Mpaka wa chini ni 5, wa juu ni 21.

Wiki ya 13 zikirudi bidhaa 17, hakuna cha kuuliza. Mfumo uleule unaozalisha 10 na 16 unaweza kuzalisha 17. Anayemwita msimamizi ajieleze kwa nini wiki hii ni 17 na iliyopita ilikuwa 11 atapewa maelezo, maana mtu akiulizwa na bosi hujibu, lakini maelezo hayo yatakuwa ya kubuni. Zikirudi 24, hapo mtu aende ghalani siku hiyohiyo: shehena ipi, ilifungwa na nani, ilipakiwa wapi. Na kama bidhaa 13 kwa wiki ni nyingi mno kwa biashara yako, kuifokea wiki moja hakusaidii, kwa sababu hakuna wiki iliyokosa. Kinachotakiwa kubadilishwa ni kazi yenyewe: vifungashio, ukaguzi, au maelezo anayopewa mnunuzi kabla hajalipa. Ukishabadilisha, anza kukusanya wiki mpya na ukokotoe mipaka upya, kwani ile ya 5 na 21 inahusu kazi ambayo huifanyi tena.